Mtaro Uliomrudisha Baba Parsimei

Jumatatu asubuhi Gadiel alifunga kamba mbili kutoka nguzo ya geti mpaka kona ya chini ya kiwanja, akazivuta mpaka zikalia, kisha akajaza maji kwenye ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ili apime levo, usawa wa mteremko. Kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa maji ya mvua mbele ya ukumbi mpya wa sherehe wa Bwana Ndesanjo, Kimandolu. Si mtaro wa kuchimba kwa jembe halafu mtu akitoka kilabuni anatumbukia. Huu ulikuwa wa kisasa. Vipande vya zege vimetoka kiwandani, vinaungwa kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa, halafu juu vinafunikwa chuma chenye matundu. Gari linapita, bibi harusi anapita, maji nayo yanapita chini yao, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Upande wa chini, ng'ambo ya mstari wa masale yaliyopandwa mpakani, Namnyaki alikuwa anakoroga loshoro. Watu walimwita Mama Parsimei, kwa jina la mwanawe. Alichemsha mahindi tangu alfajiri, yakapoa, sasa anamimina mtindi taratibu huku anakoroga upande mmoja tu, maana ukibadilisha mkono loshoro inakasirika. Jiko lake lilikuwa la mbao na bati, na ndilo lililomlisha tangu awe mjane. Nyuma ya jiko kulikuwa na makaburi matatu. Mawili ya wakwe zake yalikuwa ya saruji, na la tatu, la mumewe Lesian, lilikuwa na marumaru ya bluu yenye picha za samaki. Mdogo wa marehemu, Eliud, aliyapata yamebaki kwenye kazi ya bafu la mtu, akaona yasipotee bure.

Namnyaki aliziangalia zile kamba kwa muda, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama," Gadiel alisema.

"Marahaba. Hizo kamba zako zinaangalia kwangu."

"Ndiyo, mama. Maji lazima yapate mteremko."

"Na barabarani hakuna mteremko?"

Gadiel aligeuka akaangalia barabarani. Mteremko ulikuwepo, tena mzuri kuliko huu.

"Upo," alisema. "Ila bosi hataki maji yatokee kule. Ndipo magari ya maharusi yatakaposimama."

"Kwa hiyo asilowe bibi harusi, nilowe mimi."

"Mimi nimeonyeshwa pa kufunga kamba tu, mama yangu."

Saa ya chakula Gadiel alikuja kununua loshoro kama wengine. Namnyaki alimpimia, lakini mtindi alimpunguzia.

Siku ya pili yake alivaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisi ya mtaa kumwona mwenyekiti, Mzee Sumari. Alieleza kwa kifupi. Maji ya ukumbi yanaelekezwa kwenye boma lake. Jiko ndilo riziki yake, na nyuma yake wamelala watu. Hataki ugomvi wala fidia, anataka mtaro ugeuzwe uelekee barabarani, basi.

Mzee Sumari alikuwa msikilizaji mzuri sana. Alitikisa kichwa mwanzo hadi mwisho, akauliza, "Mwenye boma yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namaanisha mzee."

"Mzee yuko chini ya wale samaki. Ulikuja kumzika wewe, na nyama ukala."

"Nakumbuka. Ilikuwa laini. Na Parsimei?"

"Yuko Mwanza. Nikimpigia simu, inapokea sauti ya yule dada, yeye simpati."

"Basi mama, tuvute subira," mwenyekiti alisema. "Mambo ya mpaka yanamtaka mwenye boma. Siku akipatikana, njooni. Mlango wangu uko wazi."

Ulikuwa wazi kweli. Kitasa kilikufa zamani na hakuna aliyeleta kingine.

Kwa hiyo kazi iliendelea. Walichimba, wakamwaga zege la chini, wakapanga vipande na kugonga kwa nyundo ya mpira, kimoja kikichomoza wanakitoa wanakirudia. Mwisho wa mtaro walitia bomba nene, na ili lipite waling'oa masale ya mpaka, yale aliyoyapanda baba mkwe wa Namnyaki kabla Ndesanjo hajazaliwa, wakayarundika pembeni. Gadiel alimwaga ndoo ya maji kule getini. Maji yakakimbia chini ya chuma bila kusita yakatokea bombani, yakaanguka kwa Namnyaki kama yaliyoitwa. Bwana Ndesanjo, aliyekuja na suti kwa ajili ya shughuli hiyo, alipiga makofi.

"Mama Parsimei!" aliita kwa furaha. "Sisi sasa ni majirani kabisa!"

"Naona," Namnyaki alisema.

Alhamisi Mlima Meru haukuonekana kutwa, na jioni mvua ikaja. Ilinyesha ile ya kusukuma mawe. Mtaro ulifanya kazi yake vizuri sana. Kulikuwa na sendofu ya kumuaga bibi harusi ukumbini usiku ule, na watu walitoka na viatu vikavu wakisifu. Maji yote ya paa, ya maegesho na ya bustani yaliingia bombani kwa adabu, yakatoka upande wa pili, yakatafuta mahali pa kukaa.

Ijumaa asubuhi, saa ya chai, Lesian aliingia jikoni. Alikuwa na koti lake la kijivu na soksi bila viatu, kwa sababu siku ya mazishi Eliud alisema viatu vile bado vizima, na mpaka leo anavivaa Jumapili. Koti lilikuwa linachuruzika. Alikuwa amepungua kidogo, na alinukia udongo kama viazi vilivyotoka shambani, lakini alikuwa yeye.

"Maji yanaingia upande wa kichwani," alisema.

"Vua soksi," Namnyaki alisema. "Nimetoka kudeki."

Lesian alivua soksi akazitundika karibu na jiko, akakaa kwenye stuli ya wateja. Namnyaki alimpa chai, akampa na bakuli la loshoro. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Mtindi hautoshi."

Maneno hayo aliyasema kila siku ya ndoa yao, awe amepewa loshoro, makande au ndizi. Namnyaki alikuwa ameyasahau, na alikuwa na afya kwa kuyasahau. Hakuwa mjane wa kujifanya. Alilia vizuri mumewe alipokufa, tena kwa sauti, na watu walimshika. Lakini kilio kilipokwisha aligundua kwamba anaweza kulala kitandani kwa mshazari. Alisikiliza redio anayoitaka. Alikwenda mnadani Oldonyo Sambu akarudi jua likiwa limezama, na hapakuwa na wa kumuuliza alikuwa na nani. Sasa soksi zilikuwa zinanuka juu ya mtindi wake.

Wateja walikuja kama kawaida. Violet wa saluni alikuwa wa kwanza.

"Shikamoo, baba. Umerudi?"

"Marahaba. Nimerudi."

"Huko kukoje?"

"Kulikuwa kukavu."

Violet akachukua chakula chake akaenda, kulikuwa na mtu wa kusuka anamsubiri. Eliud alipopata habari alituma salamu, ila kwa wiki kadhaa hakupita njia ile. Mchungaji naye alipita, akasema usharika hauna kizuizi, ila watu wa aina hiyo wakae mabenchi ya nyuma, maana wanalowesha mito. Usiku Lesian alilala upande wa ukutani, upande wake wa zamani, na asubuhi godoro lilibidi kuanikwa.

Jumatatu Namnyaki alikaa akafikiri. Alikuwa na hasara, lakini ndani ya hasara aliona kitu. Mwenyekiti alimtaka mwenye boma. Huyu hapa, anakunywa chai.

"Baba Parsimei," alisema, "unataka kurudi kwako kukavu?"

"Nataka sana. Hapa mna kelele."

"Basi twende kwa Sumari. Ukifika sema neno moja tu: mtaro ugeuzwe barabarani. Usiongeze, usipunguze. Hebu sema."

"Mtaro ugeuzwe barabarani."

"Tena."

Njia nzima alikuwa anasema. Alisema kwenye duka la mbolea, akasema mbele ya gereji, kijana mmoja akadhani anatukanwa. Mpaka wanafika ofisini alikuwa ameiva. Namnyaki alijiona kama mwalimu anayempeleka mtoto mtihani.

Mzee Sumari alisimama kwa heshima, akampa Lesian kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. Namnyaki hakupewa kiti, kwa sababu vilikuwa viwili.

"Mzee wangu! Karibu sana. Umepotea."

"Nilikuwepo," Lesian alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mtaro. Mtaro..."

Hapo hapo Bwana Ndesanjo akaingia. Alikuwa ameitwa kwa simu na mwenyekiti tangu wao wakiwa njiani. Nyuma yake vijana wawili walibeba dumu la pombe ya mbege na kondoo dume mnene, na yeye mwenyewe mkononi alikuwa na jani la isale limefungwa fundo.

Hapo lazima niseme kitu, maana vijana wa siku hizi wanadhani isale ni ua la kupendezesha ukumbi. Kwa Wachaga, mtu akikukosea, hata awe amekuvunja mguu, akija na isale lenye fundo akakuwekea mkononi, huna ruhusa ya kukataa. Unasamehe, yamekwisha, na ukiendelea kulalamika mwenye kosa unakuwa wewe. Waarusha, kabila la kina Lesian, wana nyasi zao za kuombea amani, lakini kwa kukaa na kuoana na Wachaga miaka yote hii, isale nalo wanaliogopa vilevile. Ni desturi nzuri. Ubaya wake ni kwamba haikusema popote kuwa mtu aache kwanza alilokuwa anafanya.

Ndesanjo alipiga goti. Suti na kila kitu, goti kwenye sakafu ya ofisi ya mtaa.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ni mtoto wako. Nimekulowesha bila kujua. Mtoto akimkojolea baba yake mgongoni, baba hamtupi. Pokea."

Namnyaki alilitazama lile jani. Alilifahamu. Ncha yake ilikuwa imeliwa upande mmoja na mbuzi wake, yule mweupe. Lilikuwa la mpakani kwao, kutoka kwenye lile rundo la yaliyong'olewa.

"Hilo isale ni la kwetu," alisema.

"Mama, subiri, wanaume wanaongea," mwenyekiti alisema kwa upole.

Lesian alilishika jani. Hakuna aliyempigia goti alipokuwa hai. Alikuwa dalali wa ng'ombe asiyebahatika sana, na hata kwenye harusi yake mwenyewe alikalishwa karibu na mlango. Sasa mtu mwenye ukumbi alikuwa chini, na kondoo alikuwa anamwangalia. Namnyaki aliona lile neno moja linavyotoka kichwani mwa mumewe, taratibu, kama maji yanavyokwisha kwenye beseni.

"Mtaro..." Lesian alisema.

"Ndiyo, mzee?"

"Mtaro ni mzuri," alisema. "Nimesamehe."

Walimchinja kondoo. Mwenyekiti alisema ni nadra kuona jambo la mpaka linakwisha kwa amani namna hii, na kwamba kama wenye maboma wote wangerudi kwa wakati, ofisi yake isingekuwa na kazi.

"Mimi ndiye ninayekaa pale," Namnyaki alisema. Alilisema wakati wa nyama, akalirudia wakati wa mbege.

"Mama Parsimei, mwenye boma ameshasema," walimjibu, na wakampa paja abebe nyumbani.

Njiani Lesian alitembea mbele, isale limechomekwa mfukoni.

"Nilikupa neno moja," Namnyaki alisema.

"Alipiga goti," Lesian alisema.

"Na utalala wapi?"

Lesian alisimama kidogo. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Kwako," alisema.

Ndesanjo hakuwa mtu mbaya, na kila mtu mtaani alisema hivyo. Alimwekea Lesian kiti getini pa ukumbi, kile cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe na utepe, ili awe anapokea wageni. Kila Jumamosi Lesian alikwenda pale na koti lake, akasalimia magari, akaitikia shikamoo za watu wasiomjua, akala pilau. Watoto walipenda kumshika mkono kwa sababu ulikuwa wa baridi. Alirudi ameshiba, akaonja kilichopikwa nyumbani, akasema neno lake. Viatu hakuwa navyo bado. Mchana Namnyaki alikoroga, na mvua ikinyesha alipandisha masufuria juu ya mawe, akatandika mbao ili wateja wavuke. Ukuta wa nyuma wa jiko ulianza kuinama. Aliuegemeza kwa mti.

Mwezi wa nne mvua zilikaza. Maji ya bomba yalichimba kijito chake yenyewe, yakalipita kaburi la bluu, ambalo sasa lilikuwa na vyura na lilipendeza, yakaenda mbele kidogo.

Asubuhi moja mlango ulisukumwa. Aliyeingia alikuwa mama yake Lesian, bibi ambaye wote walimwita Koko Silantoi, amejifunga shuka, shanga zote shingoni, maji yanamtiririka kisogoni. Namnyaki alivuta stuli nyingine.

"Karibu, yeyo. Karibu, mama."

Koko Silantoi alikaa. Alipewa chai, akanywa yote, akageuza kikombe.

"Nani alikubali maji haya?"

"Mwanao."

Koko Silantoi alimwangalia mwanae. Lesian alikuwa anakausha soksi.

"Alipiga goti, yeyo," alisema.

"Na mimi niliulizwa?"

"Hukuulizwa," Namnyaki alisema. "Hata mimi sikuulizwa. Kunywa nyingine."

Siku ile ile wanawake wawili waliongozana mpaka ofisi ya mtaa. Namnyaki alikuwa na matumaini, kwa sababu Koko Silantoi ndiye aliyemzalisha mama yake Sumari, na alimtoa Sumari kwa miguu maana alikuja vibaya. Mwenyekiti alimtambua mara moja. Aliinama, akapokea mkono wa bibi juu ya kichwa chake.

"Nilikushika miguu hii hapa," Koko Silantoi alisema, "ulikuwa wa bluu kama yale marumaru, nikakupiga mgongoni ukalia. Sasa nakwambia, geuza ule mtaro."

Mzee Sumari machozi yalimlenga. Alimshukuru sana. Aliwapa viti vyote viwili, akabaki amesimama yeye. Kisha akanyoosha shingo, akaangalia mlangoni nyuma yao, kama kuna mtu mwingine anakuja. Hapakuwa na mtu.

"Lesian hakuja?"

"Yuko getini. Kuna harusi."

"Basi koko, mwenye boma alishasema," mwenyekiti alisema. "Tena kwa isale. Mnataka nimgeuke mzee?"

Walirudi. Koko Silantoi alichoka njiani, Namnyaki akamshika kiwiko. Walipita mbele ya ukumbi na Lesian akawapungia mkono kutoka kwenye kiti chake cheupe.

Zikaja siku za kupika kwa watatu, ukiacha wateja. Koko Silantoi alikuwa na faida yake. Alimenya vitunguu, akafukuza kuku, na Lesian akisema mtindi hautoshi, mama yake alimwambia akakamue ng'ombe. Kitanda alipewa bibi. Namnyaki alihamia kwenye mkeka upande wa jiko, na huko angalau aliweza kulala kwa mshazari tena.

Gadiel alikuja siku moja kukagua bomba, akaomba loshoro. Alikaa, akaangalia ukuta ulioinama, akaangalia soksi, akamwangalia bibi.

"Mama, kazi ile haifiki hata siku mbili," alisema. "Nafungua pale getini, nageuza, najenga kipande kimoja. Nikiambiwa tu."

"Nakwambia mimi."

Gadiel aliinamia bakuli. Alimaliza, akalamba kijiko.

"Nikiambiwa na mwenye kuniambia," alisema.

Namnyaki akachukua bakuli lake, akaliosha.

Jioni ya Pasaka mlima ulijifunika tena. Namnyaki alisikiliza bati, akatoka na mwavuli, akazunguka nyuma ya jiko. Kijito kilikuwa kimefika kaburi la mwisho, la baba mkwe, na udongo wa pembeni ulikuwa umeanza kulegea. Alirudi ndani, akaongeza maji kwenye birika.

"Baba anakuja," alisema.

Koko Silantoi alijitengeneza shanga. Lesian akachomekea shati.

Baba mkwe alikuwa na miguu mibovu tangu enzi zake, na asingependa kugonga mara mbili, kwa hiyo Namnyaki aliondoa komeo akauacha mlango wazi. Kisha akachukua stuli yake, mwiko wake na sufuria lake, akavitoa nje. Kwao mke wa mtoto hakai jikoni na baba mkwe wala hali mbele yake, na kufa hakukuwa kumebadilisha hilo. Aliweka mafiga chini ya kipenu cha bati, pale palipobaki kipande cha pakavu cha kutosha mtu mmoja akikunja miguu. Akafungua mwavuli akaufunga kwenye nguzo kwa kamba.

Ndani alisikia hatua nzito, kukohoa, na sauti ya mzee ikiuliza kama kuna chai. Alipitisha kikombe dirishani bila kuangalia. Bakuli likafuata. Kijiko kikagonga, na yule mzee na mwanae wakalisema pamoja lile neno la mtindi, sauti ile ile.

Ng'ambo ya pale yalipokuwa masale, taa za ukumbi ziliwaka. Magari yalikuwa yanafika. Bibi harusi alishuka, akainua gauni kwa mazoea, akaona hapana haja, akaliachia. Alipita juu ya chuma cha matundu na viatu vyake vyeupe. Chini yake maji yalikuwa yanakwenda moja kwa moja, bila kutuama popote. Levo ilikuwa safi kabisa. Namnyaki alivuta miguu ndani zaidi, akaanza kukoroga ya kesho.